Kuwafundisha wasichana kuosha maiti: mwongozo kamili, kuanzia glavu ya maji baridi hadi kwenye ufuo

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akizitaja nguzo na sunna za kuosha maiti bila kukwama hata mahali pamoja. Kwenye mtihani wa madrasa alipata 98. Mama yake alipofariki, alisimama mlangoni pa chumba cha kuoshea, kata ya kumiminia maji mkononi, miguu haiendi mbele wala nyuma. Ikabidi shangazi yake aje kumtoa, nasi wengine tukaosha. Msichana alikuwa anajua kila kitu, ila hajawahi kugusa.

Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha kuosha maiti kama ninavyofundisha mirathi, yaani ubaoni. Tangu hapo somo nimelipindua: siku sita, Jumamosi na Jumapili kwa wiki tatu, mikono inatangulia na kitabu kinafuata. Ninayoandika hapa ni kwa walimu wenzangu wa madrasa, hasa wanaosomesha wasichana, na kwa akina mama wa mitaani ambao ndio wanaoitwa usiku msiba ukitokea. Kwetu Tanga mtaa mzima unaweza kuwa na waoshaji wa kike wawili, na mmoja wao magoti yamekataa kuinama. Kuosha ni faradhi ya kutoshelezana: akifanya mmoja wamefanya wote, asipofanya hata mmoja dhambi ni ya wote. Hesabu hiyo mimi inaninyima usingizi.

Nafuata madhehebu ya Shafii, kama walivyo wengi wa mwambao. Ithnaasheri wana mpangilio wao wa maji (ya mkunazi, kisha ya karafuu maiti, kisha maji matupu), na Ibadhi wana masheikh wao. Chukua hapa namna ya kufundisha. Hukumu kaulize kwako.

Kabla ya yote: nani aingie, nani asubiri

Mimi nachukua waliobaleghe, kuanzia miaka 15. Mzazi lazima aje mwenyewe, si kutuma karatasi, kwa sababu nataka kumuuliza jambo moja ana kwa ana: nyumbani kwenu mmefiwa lini mara ya mwisho? Msichana aliyezika mama au dada yake mwaka huu simzuii, lakini simlazimishi kitu. Anaweza kukaa kwenye mkeka wa pembeni akashona na kukata vitambaa. Mara nyingi ndiye anayekuja kuwa muoshaji bora, ila kwa wakati wake.

Utaulizwa swali la hedhi, na utaulizwa kwa kunong'onezwa. Jibu kwa sauti ili wote wasikie: kwa Shafii mwenye hedhi anaosha maiti bila ubaya wowote. Na yale ya kwamba mjamzito asimsogelee maiti ni mila tu. Mjamzito nampumzisha kwa sababu ya uzito wa kugeuza mwili, basi.

Kundi lisizidi wasichana 12. Wagawe wannewanne, maana kazi yenyewe ni ya watu wanne: anayeosha, anayemsaidia kugeuza, anayemimina maji, na anayepokeza vifaa. Wa tano ndani ya chumba ni mtazamaji, na kwenye josho hatuna watazamaji.

Siku ya kwanza: mkono usiokushika

Usiku wa kuamkia Jumamosi jaza maji kwenye glavu za mpira, zifunge kwa uzi, ziweke kwenye friji. Si kwenye friza, zitaganda. Asubuhi kila msichana apeane mkono na glavu yake. Watacheka, waache wacheke. Kicheko kikiisha, waambie wafumbe macho waishike dakika 2 nzima. Hapo ndipo chumba kinaponyamaza. Baridi wanaizoea upesi. Kinachowagusa ni kuushika mkono ambao haukushiki nawe.

Zoezi hilo linaonekana la kitoto. Silianzi somo bila hilo.

Baada ya hapo tunazungumza habari za anayekata roho, maana kazi ya muoshaji haianzi kwenye maji. Waeleze watakachokiona ili wasije wakadhani ni ajabu: miguu inapoa kwanza, pumzi inakuja na kukatika na kurudi tena, kooni panakoroma kwa sababu hana nguvu ya kumeza mate. Hana haja ya uji. Kumlazimisha uji ni kumpalia, na nimewaona watu wazima wakilifanya hilo kwa mapenzi kabisa. Anachohitaji ni midomo iloweshwe. Wakae wawiliwawili, mmoja alale, mwenzake achovye pamba kwenye maji, aikamue, aipitishe kwenye midomo taratibu. Wabadilishane. Wafundishe na talakini: shahada itamkwe mara moja, kwa sauti ya chini, karibu na sikio. Akiitamka mgonjwa, nyamaza, usimrudishie mpaka azungumze neno jingine. Kumkariria mara ishirini ni kumchosha.

Roho ikishatoka, kuna mambo ya nusu saa ya kwanza ambayo yakikosekana muoshaji ataumia baadaye. Fumba macho. Funga taya kwa kitambaa kipana kinachopita chini ya kidevu, fundo likae utosini. Kunja na kunjua mikono na miguu, taratibu, ili viungo visikakamae vibaya. Vua nguo alizofia, mfunike shuka nyepesi, weka kitu chenye uzito kidogo juu ya tumbo, mwelekeze kibla. Mwili huanza kukakamaa muda wa saa 2 hadi 4 baada ya kufa, na kwa joto letu mambo huenda mbio. Ukifika umekuta mdomo umekauka wazi, hakuna kitambaa kitakachoufunga tena saa hiyo. Wafunge wao kwa wao taya kwa vipande vya kanga mpaka kila mmoja aweze bila kuangalia mwenzake.

Siku ya pili: sokoni

Hii ni fupi lakini usiiruke. Wape wasichana pesa na orodha, uwatume dukani bila wewe:

bafta nyeupe ya sanda, pamba, karafuu maiti, majani makavu ya mkunazi yaliyopondwa, udi au ubani, sabuni isiyo na harufu kali, chanuo lenye meno mapana, mkasi, glavu na aproni ya plastiki, asetoni ya kufutia rangi ya kucha, plasta pana, mafuta ya nazi kidogo.

Mwenye duka akisikia "bafta" kutoka kwa wasichana wanne atauliza, "Poleni, nani kafariki?" Watajibu nini? Zoezi ni hilo. Wengi wanarudi wakiwa wamejibu kwa shida, "Hakuna, tunajifunza," na mwenye duka kanyamaza, kisha kawaongezea pamba bure. Jioni tunaketi kuyazungumza hayo, tukinusa karafuu maiti kila mmoja kwa pua yake. Harufu ile wengi wanaikumbuka kutoka msiba fulani wa utotoni bila kujua ni ya nini. Afadhali machozi yake yatoke hapa kwenye mkeka kuliko mbele ya wafiwa.

Mafuta ya nazi na asetoni huwashangaza. Pete iliyokaza kidoleni hutoka kwa mafuta na subira. Rangi ya kucha huzuia maji kufika, na kucha za kubandika vilevile, kwa hiyo zitoke. Hina haizuii kitu, iacheni. Nywele za kubandika na rasta zifumuliwe. Hiyo peke yake inaweza kuchukua saa nzima, na mpange mtu wa kazi hiyo mapema.

Siku ya tatu: mdoli

Mdoli wangu nimemshona kwa baibui kuukuu, ndani matambara na vifuko vya mchanga, mikono na miguu ikilegea kwenye viungo. Ana kilo 40 hivi. Mdoli mwepesi ni hasara, kwani asiyejua uzito atamburuta maiti kwa mkono. Mlaze kwenye kitanda cha kamba, upande wa kichwani juu kidogo ili maji yateremke miguuni. Zamani nyumba zilikuwa na sakafu ya udongo, na chini ya kitanda ulichimbwa ufuo, mfereji wa kupokea maji ya josho. Siku hizi ni sakafu ya saruji yenye tundu, lakini wazee wetu bado wakiingia chumbani wanauliza, "Ufuo uko wapi?" Wafundisheni wasichana neno hilo, wasije wakaonekana wageni.

Kwanza, kugeuza. Anayesaidia anasimama upande ambao maiti anageuziwa. Mguu wa mbali upitishwe juu ya wa karibu, mkono mmoja ushike bega, mwingine nyonga, kisha vuta kwa uzito wa mwili wako, si kwa mgongo. Kichwa kishikiliwe na mtu wake. Rudieni mara kumi. Rudieni tena na glavu zilizolowa, maana mwili uliotiwa sabuni unateleza kama samaki, na maiti kuanguka kitandani ni aibu ambayo familia haitaisahau.

Kisha josho lenyewe, kwa utaratibu huu. Sitiri kutoka kitovuni hadi magotini kwa kanga nzito, na kanga hiyo haitoki mpaka mwisho. Nyembamba ikilowa inaonyesha yote. Msaidizi amwinue mabega kidogo, mwoshaji apitishe mkono wa kushoto tumboni kwa kukandamiza taratibu, ili kilicho karibu kutoka kitoke sasa. Mwagieni maji mengi wakati huo, na udi uwe unafuka. Mlaze tena, osha tupu zake mbili chini ya kanga kwa glavu iliyozungushiwa kitambaa, kisha glavu hiyo na kitambaa vitupwe. Vaa nyingine. Hapa ndipo wanafunzi wote husahau, wote kabisa, hivyo mimi hugonga kitanda kwa kata kila anayeendelea na glavu ileile.

Safisha meno na matundu ya pua kwa kitambaa kilicholoweshwa, kichwa kikiinamishwa maji yasiingie ndani. Mtawadhishe kama unavyotawadha mwenyewe. Osha kichwa kwa maji ya mkunazi, chana nywele kwa chanuo pana. Unywele ukitoka, weka pembeni, utaingia naye kwenye sanda. Halafu kiwiliwili: upande wa kulia kwa mbele kutoka shingoni hadi unyayoni, kisha wa kushoto. Mgeuze alalie ubavu wa kushoto uoshe mgongo upande wa kulia, kisha kinyume chake. Usimlaze kifudifudi kamwe.

Josho hilo lilikuwa la mkunazi. La pili ni maji matupu ya kuondoa mkunazi. La tatu ni maji safi yenye karafuu maiti kidogo tu, kiasi cha harufu, isipokuwa aliyefia kwenye ihramu, yeye hatiwi manukato. Ikiwa bado, ongeza hadi tano au saba, ila iwe witiri, yaani hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Yote haya asili yake ni maelekezo ambayo Mtume (s.a.w.) aliwapa akina Ummu Atiyya walipomuosha binti yake: mkunazi, witiri, karafuu maiti mwishoni, na kuanza kwa upande wa kulia na viungo vya udhu. Nywele za mwanamke zisukwe mikia mitatu, iwekwe nyuma.

Maji yawe ya kawaida. Ya moto hulegeza mwili, na Shafii wanapendelea ya baridi. Ya vuguvugu hutumiwa uchafu ukigoma. Jaribu kwa ndani ya kifundo cha mkono, kama maji ya mtoto.

Na baada ya kumaliza, ikitoka najisi? Swali hili linawatia watu hofu bure. Iondoe, osha pale palipochafuka, josho halirudiwi.

Siku ya nne: kulala

Siku hii ikikosekana, somo langu halina maana. Kila msichana analala kwenye kitanda, amevaa dera, macho kafumba, haongei, hasaidii kugeuzwa, na wenzake watatu wanamuosha juu ya nguo, kuanzia kitambaa cha taya hadi josho la mwisho. Dakika 20 kwa kila mmoja. Maji ni ya bomba, hayana mkunazi.

Nami hulala, tena wa kwanza. Mwalimu asiyelala asiwalaze watoto wa watu.

Akiinuka haulizwi "umejisikiaje". Mwulize mambo matatu ya kweli: mkono gani ulikuumiza, nani alinyanyua mguu wako bila kukuambia, na nani aliongea? Majibu hayo yanafundisha kuliko mimi. Msichana mmoja alisema, "Walikuwa wanazungumza habari za daladala juu ya uso wangu." Tangu siku ile kundi lake halijawahi kuongea ndani ya chumba zaidi ya neno la kazi. Mwingine alilia kwa kuwa aliyemuosha uso alimfuta kwa upole, na hakukumbuka mara ya mwisho kuoshwa uso na mtu. Hapo nilizima mambo, tukanywa chai.

Wahenga walisema muosha huoshwa. Wasichana wanaijua methali hiyo tangu utotoni, kama maneno ya kutishia watu. Wakishalala kitandani pale wanaisikia upya.

Anayekataa kulala, asilazimishwe. Ashike kata, amimine maji. Kuna aliyekataa mara tatu na leo ndiye ninayemwita wa kwanza.

Siku ya tano: sanda

Mwanaume anakafiniwa kwa vipande vitatu. Mwanamke vitano: izari ya kiunoni, kamisi, mtandio wa kichwani, na lifafa mbili za kumzunguka wote. Kikipungua kitambaa, kimoja kinachofunika mwili mzima kinatosha. Maiti haulizwi sanda, lakini anayeishona ataulizwa, kwa hiyo ikatwe vizuri.

Kipimo changu: urefu wa mtu, ongeza shibiri mbili kichwani na mbili miguuni. Bafta ikiwa nyembamba, unganisha vipande viwili kwa mshono mrefu. Kamisi ni kitambaa kilichokunjwa mara mbili, tundu la kichwa katikati, mbavuni hakishonwi. Chana ncha za pembeni upate kamba tano za kufungia. Tandika kwa mpangilio wa kinyume, cha mwisho kuvaliwa kinatangulia chini: kamba, lifafa kubwa, lifafa ya pili, nusu ya nyuma ya kamisi, izari, mtandio tayari juu. Kila kipande kifukizwe udi kabla.

Pamba yenye karafuu maiti inawekwa kwenye matundu na kwenye viungo vya kusujudia: paji la uso, pua, viganja, magoti, nyayo. Kwenye mazoezi na mtu hai pamba ya puani HAPANA, na uso haufunikwi. Liseme hilo kabla, usingoje mtu apapatike. Lifafa hukunjwa upande wa kushoto wa maiti kwanza, kisha wa kulia juu yake. Fungeni kwa mafundo yanayofunguka kwa kuvuta, maana kaburini yatafunguliwa na mtu aliyeinama gizani.

Siku ya sita: kaburi, na magonjwa

Sala ya maiti twaisali kwa jeneza tupu: takbira nne, Fatiha baada ya ya kwanza, salawati baada ya ya pili, dua ya maiti baada ya ya tatu, dua fupi na salamu baada ya ya nne. Makaburini tunakwenda siku isiyo na maziko, waone mwanandani ulivyochimbwa ubavuni upande wa kibla na kiunza, yaani ubao, kinavyouziba. Wavulana wanajifunza kuchimba, na hilo lina mwalimu wake.

Muda mwingi wa siku hii naupeleka kwenye maradhi. Namwita muuguzi wa zahanati azungumze mwenyewe. Aliyefariki na virusi vya Ukimwi anaoshwa kama wengine, kwa glavu, aproni na uangalifu wa damu. Kulikuwa na zama watu wakiwakimbia maiti hao, na ndugu wakaosha peke yao milango imefungwa; sitaki kizazi hiki kirithi lile. Wa kifua kikuu, vaeni barakoa na msikandamize kifua ovyo. Wa kipindupindu, afisa afya ahusishwe na klorini iwepo, maana maji ya josho yenyewe ndiyo hatari.

Lakini Ebola na Marburg ni kitu kingine. Mwili wa aliyefia maradhi hayo umejaa virusi, na kuugusa ni mojawapo ya njia kubwa za kuyapata. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, huko Kongo, Agosti 2018 hadi Juni 2020, uliua watu zaidi ya 2,200, na misiba ilikuwa miongoni mwa mahali ugonjwa ulipoenea. Marburg imeingia kwetu Kagera mwaka 2023, na tena Biharamulo mwaka 2025. Msichana afundishwe kusema "hapana, tungoje watu wa afya" mbele ya wazee wenye hasira. Tunaigiza kabisa: mimi nakuwa mjomba mkali, nampigia kelele. Sheria ya dini haimwachi mtu hapo. Panapohatarisha uhai pana tayammamu, yaani twahara ya vumbi badala ya maji, na sheikh atatoa hukumu.

Mwisho wa siku nawatajia hospitali: sindano iliyobaki mkononi inachomolewa kwa upole, pamba, kisha plasta pana. Mshono wa aliyepasuliwa kwa uchunguzi huvuja; pamba nene, plasta, na msimkandamize tumbo. Madoa ya zambarau mgongoni ni damu iliyotuama, si kipigo. Maiti akigeuzwa anaweza kutoa sauti kama ya kuguna, hewa tu hiyo imetoka mapafuni. Asiyeambiwa mapema hutupa kata akakimbia.

Maiti wa kweli

Usimpeleke mwanafunzi kwa maiti wa kwanza akiwa ni jamaa yake. Mtafutie bibi wa mtaani aliyekufa kwa uzee, mwili mwepesi, familia inayokujua. Omba ruhusa kwa wafiwa waziwazi: "Nina wasichana wawili wanajifunza, mmoja atamimina maji tu. Mtaridhia?" Wakisita, ondoka nao bila kinyongo. Wawili ndio mwisho, na kila mmoja ana kazi moja. Wa kumimina maji hatamshika maiti siku hiyo. Safari ya pili ashike miguu. Ya tatu au ya nne ashike kichwa. Kuosha mwenyewe ni baada ya hapo, mimi nikiwa msaidizi wake.

Mlangoni wanasikia kauli ileile kila mara: utakachokiona humu kikiwa kibaya kinazikwa naye, kikiwa kizuri unaweza kukisema. Anayemsitiri maiti amepewa ahadi ya kusamehewa mara arobaini. Tatuu, kovu, ujauzito ambao hakuna aliyeujua, yote hayo yanabaki kwenye ufuo. Aliyetoa siri haingii tena, na hilo nimelitekeleza mara moja, kwa mwanafunzi niliyempenda.

Wakitoka, wakoge (kuoga baada ya kuosha maiti ni sunna), wabadili nguo, wale kitu. Halafu nakaa nao nusu saa, hata kama ni saa tisa usiku. Siulizi sana. Wiki inayofuata nampigia mzazi: analala? Anakula? Wengi huota usiku mmoja au miwili. Ikizidi wiki mbili, anapumzishwa na anatafutiwa wa kuzungumza naye, mshauri wa zahanati au mama mzima mwenye busara.

Wafundishe pia kuwakumbusha wafiwa karatasi, maana siku hiyo hakuna anayefikiria: kwa Tanzania Bara kifo kinatakiwa kiandikishwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 30, na bila cheti hicho mirathi na mafao ya mjane vinakwama.

Yule msichana wa 98 alirudi baada ya mwaka. Hakusema kitu, alikuja tu Jumamosi ya glavu akakaa mstari wa nyuma. Bibi yake alipofariki mwezi wa Shaabani, nilifika nikamkuta ameshafunga taya, fundo utosini. Alichukua kata, akajimwagia maji kwenye kifundo cha mkono.

"Bi Mwalimu, punguzeni moto," akasema. "Bibi alikuwa hapendi maji ya moto."

Sanduku

Vifaa vyote vya kuoshea vikae kwenye sanduku moja, na kila kilichotumika kirudishwe kabla ya wiki kwisha, maana msiba wa pili hausubiri. Sanda mbili za kike zilizokwisha kukatwa, moja ndefu, na ya mtoto. Glavu jozi 20. Mkasi ufutwe na ukaushwe. Orodha ibandikwe ndani ya kifuniko, na anayechukua kitu aandike. Ufunguo uwe na watu wawili wanaoishi nyumba tofauti. Karafuu maiti itieni kwenye kopo linalofunga barabara, kwani ikiachwa wazi hupotea hewani yenyewe, na siku mtakapolifungua sanduku usiku mtakuta karatasi tupu yenye harufu.